Ubani Kwenye Chumba cha Makohozi

Mwezi uliopita walitualika sisi watumishi wa zamani wa hospitali ya kifua twende kuona maabara mpya. Tulifika wachache, wengi wetu na fimbo, tukapangiwa viti vya plastiki na kupewa soda kabla ya mtu kutuuliza kama sukari inaturuhusu. Kijana mwenye maabara, mpole, msafi, viatu vyake vimefunikwa mifuko, akatupeleka mbele ya kabati kubwa la kioo ambamo wanafungulia makohozi ya wagonjwa. Akaliwasha, likanguruma. Kisha akachana kipande cha karatasi ya chooni, akakishika kwenye mdomo wa kabati, nacho kikavutwa kuelekea ndani. "Mnaona, bibi zangu," akasema, "hewa inaingia ndani, haimrudii anayefanya kazi. Kila asubuhi lazima nipime hivi." Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikaangua kicheko nikashindwa kujizuia, mpaka kijana akadhani nimemdharau. Nikamwambia sisi tulikuwa tunapima kwa ubani. Akatabasamu kama wanavyotabasamu vijana bibi akianza kusimulia habari za majini, akanishika mkono taratibu, akanirudisha kwenye kiti. Kwa kuwa hakutaka kunisikiliza, nimeamua kuandika.

Ulikuwa mwaka ule watu wa bondeni walipokuwa wanahamishiwa kwenye vijiji, na redio ya balozi wa nyumba kumi ilikuwa inatuhimiza kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Mimi nilikuwa nimekwisha kuacha shule darasa la sita. Habari za wazazi wetu sitaziandika hapa. Inatosha kusema hawakuwapo, na kwamba nyumbani tulikuwa watatu, mimi, Hemedi na Saumu, tukila sufuria moja, na mkubwa nilikuwa mimi. Nilipata kazi ya mhudumu wa maabara kwenye hospitali ya kifua, juu ya mji wa Lushoto, mahali ambapo ukungu ukiingia mwezi wa saba huoni hata vidole vyako. Maabara ilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichojengwa na Wajerumani kwa ajili ya farasi, hivyo tuliambiwa, na kwa kweli ukutani kulikuwa na pete ya chuma ambayo sikuona kazi nyingine iliyoifaa. Nyuma kulikuwa na mlango wa kutokea uani, kwenye benchi la wagonjwa. Mbele kulikuwa na dirisha pana lililotazama bonde lote hadi Mombo. Kati ya mlango na dirisha kulikuwa na meza, taa ya spiriti, darubini moja, ndoo ya dawa iliyonukia hadi ndotoni, na Bwana Komba.

Bwana Komba alitoka Songea. Watu wote walimwita daktari, naye kila mara alisahihisha kwamba yeye ni fundi wa maabara tu, nao wakamjibu, sawa, daktari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na hofu yake kubwa duniani ilikuwa hewa. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda akanieleza kwamba kifua kikuu hakirukii mtu kama kiroboto, bali kinaelea. Mgonjwa akikohoa, vinatoka vitone vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vinakaa hewani kama vumbi kwenye mwanga, vikisubiri pua. Na sisi kazi yetu, akasema, ni kufungua kikopo baada ya kikopo cha hicho kitu chenyewe, kukipaka kwenye kioo, kukikausha, kukitia rangi na kukitazama. Kwa hiyo palikuwa na sheria. Kikopo kikiwa wazi, hakuna kusema neno. Hakuna kula wala kunywa humo ndani. Koti linabaki msumarini, haliendi nyumbani. Njiti ya kupakia inatumika mara moja kisha inakwenda motoni. Sakafu haifagiwi kavu, inapigwa deki kwa dawa. Na dirisha halifungwi, hata kukiwa na baridi ya namna gani. Hili la mwisho karani wa hospitali hakuliamini. Kila alipopita alilifunga kwa huruma. Mwishowe Bwana Komba alileta bisibisi, akang'oa mbao za dirisha zote mbili, akazificha chini ya kitanda chake. Tangu siku hiyo tulifanya kazi na blanketi viunoni kama wagonjwa wenyewe.

Sheria iliyonitesa ilikuwa ile ya kutosema. Kwetu Usambara mtoto aliyemwona mzee asimwamkie ni heri angemtupia jiwe. Wazee walipita mlangoni wakisimama, wakisubiri shikamoo yao, nami nimekaa na kikopo wazi mbele yangu, midomo imebanwa, macho yanamwomba radhi. Nilijaribu kuamkia kwa kupiga magoti. Bwana Komba akasema meza itatikisika. Nilijaribu kuinamisha kichwa. Mzee mmoja alidhani nasinzia, akapiga kelele kuniamsha. Habari zikaenea haraka kwamba yule binti mkubwa wa wale yatima amepata kazi serikalini na sasa haamkii mtu. Na wazee wenyewe nao walikuwa na adabu zao zilizotutia taabu. Kutoa kohozi mbele ya binti wa umri wa mjukuu wako lilikuwa jambo lisilotazamika. Tuliwaambia wakohoe nje, penye upepo, mbali na wenzao, waje na kikopo kilichofunikwa vizuri. Wao walijificha nyuma ya migomba, halafu wakaona aibu kunikabidhi mkononi, wakampa mtu mwingine alete, kikopo kimewekwa kikapuni, kimefunikwa kitambaa cha maua kama chakula cha mkwe. Siku moja nilifunua kitambaa nikakuta kikopo kimekaa katikati ya mayai. Bwana Komba alitazama yale mayai kwa muda mrefu, kisha akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, maana kikopo kingine kilikuwa wazi, "Chemsha sana."

Sasa ubani. Bwana Komba alijua kwamba ni lazima mtu akae penye hewa safi, upepo umpitie mgongoni, uchukue vile vitone vya mezani na kuvitoa dirishani. Lakini upepo hauonekani. Alijaribu moshi wa sigara, naye hakuwa mvutaji, akakohoa mpaka wagonjwa uani wakampa pole. Alijaribu nyasi mbichi, chumba kikajaa kama jiko la shughuli. Ndipo akakumbuka ubani, ambao moshi wake ni mwembamba na mtiifu, unakwenda tu unakopelekwa. Akanituma gulioni nikanunue, na chetezo cha udongo. Basi kila asubuhi, kabla ya kikopo chochote kufunguliwa, nilikaa kwenye kigoda changu na Bwana Komba akaweka chetezo mezani. Uzi mweupe wa moshi ukatambaa mbele yangu, ukapita dirishani, ukashuka bondeni kuelekea Mombo. Bwana Komba akatikisa kichwa kwa kuridhika, tukaanza kazi.

Hatukumweleza mtu, na hilo lilitosha. Waislamu waliposikia harufu walisema kumbe daktari amesilimu kimya kimya. Wakatoliki waliotoka kwenye mashamba ya chai walisema hapana, huyo ni mtu wa kanisani, mnasikia harufu ya altare. Wote walikubaliana kwamba mle ndani panafukuzwa kitu kibaya, na hapo hawakukosea sana. Wagonjwa waliokuwa wanaogopa kuja wakaanza kuja. Mama mmoja aliuliza kama baada ya kazi tunaweza kumpelekea chetezo ng'ombe wake.

Nikifikiria leo, naona kosa langu halikuwa kuzishika zile sheria bali kuzipeleka nyumbani zote kwa mkupuo. Nilikuwa nimeogopeshwa. Nilipowatazama Hemedi na Saumu wamelala kwenye kitanda kimoja, pua kwa pua, nilikuwa naona vitone vinaelea. Kwa hiyo dirisha la chumba cha kulala likabaki wazi, kila mtu akawa na kikombe chake, kufagia kavu kukapigwa marufuku, na mikono ikaoshwa hadi kwenye viwiko kabla ya makande. Saumu, aliyekuwa na miaka sita, alizipenda sheria kuliko mimi. Alimkataza jogoo kuingia ndani na miguu mikavu. Hemedi, aliyekuwa na tisa, alisema ukipika hapa unapikia maiti, kwa sababu mimi nilipokuwa napakua chakula sikuruhusu mtu kusema.

Siku moja, nikiwa napakua makande, Baba Mkubwa Shabani aliingia. Alikuwa kaka wa baba yetu, mwenye kauli ya mwisho kuhusu sisi, mtu mfupi mwenye kanzu iliyopigwa pasi na ndevu zilizochongwa. Alikuta dirisha wazi na ukungu umekaa ndani kama mgeni. Akateleza kwenye sakafu iliyolowa. Akasimama akisubiri kuamkiwa, na watoto, kwa kuwa nilikuwa napakua, wakamtazama tu midomo imefungwa, Saumu akiwa ameweka kidole mdomoni kumwonya na yeye asiseme. Nilitupa upawa nikapiga magoti nikamwamkia, lakini alikuwa amekwisha kuhesabu yote aliyoyaona. Alikula makande. Alipomaliza alisema kwamba alikuwa amesikia maneno mjini akayakataa, sasa ameyaona. Kazi gani hii inayomfanya mtu awanyime watoto salamu na joto? Na ugonjwa wenyewe nalala nao wapi, kwenye nguo au kwenye nywele?

Nilimweleza habari ya koti msumarini. Hakusadiki. Akasema gulio lijalo atafika mwenyewe kuiona hiyo kazi. Kama ni ya hatari, basi Hemedi atakwenda Mombo kwa shangazi yetu anayeuza chakula stendi, Saumu atakwenda Mazinde kwa shangazi mwingine, nami nitabaki na kazi yangu na dirisha langu. Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayegawa miche kabla mvua haijakata, na ndiyo maana niliogopa. Saumu akaanza kulia papo hapo. Hemedi naye, siku zilizofuata, akawa na adabu isiyo ya kawaida, akiteka maji bila kutumwa, nami nilimwangalia moyo ukiniuma, nikijua ni huzuni.

Siku ya gulio wagonjwa walikuwa wengi, na Baba Mkubwa alichelewa kwa sababu ya mazungumzo ya bei ya kabichi. Alifika adhuhuri imekwisha kupita. Vikopo vyote vya asubuhi vilikuwa vimefungwa na tulikuwa tunakaribia kufungua vya mchana. Bwana Komba, niliyekuwa nimemweleza jambo lote, akamwamkia kwa heshima kubwa, akamwomba akae kwenye benchi uani wakati sisi tunajiandaa. Halafu, kwa kutaka kumwonyesha mzee jinsi tulivyo waangalifu, akafanya jambo ambalo hatukuwahi kulifanya mchana. Akaweka chetezo mezani.

Uzi mweupe ukainuka. Ukasimama kidogo kama unafikiri. Kisha ukageuka, ukanipiga usoni, ukapita begani kwangu, ukatoka kwa mlango wa nyuma, ukaenda moja kwa moja uani, ukamfikia Baba Mkubwa Shabani kwenye benchi.

Alifumba macho kwa raha. Akanyanyua upindo wa kanzu yake, akaufungua mbele ya ule moshi kama tunavyofanya maulidini, akaufukiza upande wa kulia, akaufukiza upande wa kushoto, akachota kwa mikono miwili akajipaka ndevuni. Nilimsikia anawaambia wagonjwa kwamba hakujua kama hospitali siku hizi ina ustaarabu huu. Kulikuwa na vikongwe wawili wamekaa mbali juani. Akawaita waje wakae karibu naye, hapa ndipo penyewe, msogee mjifukize. Wakasogea. Mmoja akavua ushungi wake ili upate vizuri.

Bwana Komba alikuwa amegeuka rangi. Sisi wawili tulielewa tulichokuwa tunakiona, kwamba kila mchana, tangu nianze kazi, hewa ya meza yetu ilikuwa inanipiga mimi usoni na kwenda kukaa kwenye lile benchi, pamoja na watu waliokuja kupimwa wakiwa pengine hawana ugonjwa wowote. Na la ajabu ni kwamba upepo ule niliujua. Kila mtu wa Lushoto anaujua. Asubuhi unashuka kutoka mlimani, jua likipinda unapanda kutoka Mombo. Hata nguo zangu nilikuwa nazianika upande wa pili wa nyumba mchana kwa sababu yake. Ila haikunijia hata siku moja kwamba upepo wa shambani na upepo wa maabara ni upepo mmoja. Bwana Komba naye alipima asubuhi tu, kwa kuwa kitabu chake cha kazi kiliagiza hewa ipimwe asubuhi.

Akaninong'oneza nisiseme kitu. Mzee amefurahi, akasema, mwache aende zake na furaha yake. Akiondoka tutahamisha benchi, na watoto wako utabaki nao. Alisema kwa wema, na ushauri ulikuwa mzuri. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuamua, nilikuwa nauona uamuzi wenyewe usoni mwake, umelainika. Lakini nilijua pia kwamba kabla ya magharibi atakuwa amewaambia gulio zima kuhusu benchi lile, na kesho mchana watu watagombea kukaa pale. Nikazima chetezo. Nikatoka uani, nikapiga magoti mbele yake.

"Baba Mkubwa," nikasema, "ule ubani si wa kujifukiza. Tunautumia kuangalia hewa inakwenda wapi. Pale moshi ulipofika, na ugonjwa ungefika."

Akashusha kanzu polepole. "Umefika kwangu," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hiki nilichojipaka ndevuni ni makohozi ya watu?"

"Leo hapana. Leo vikopo vimefungwa. Lakini mchana wa siku nyingine ingekuwa hivyo."

Kikongwe mmoja akarudisha ushungi wake kichwani, akainuka bila kuaga. Baba Mkubwa akautazama ukungu ulioanza kupanda. Halafu akamwita Bwana Komba, akamwuliza mtoto wao, yaani mimi, anakaa wapi mle ndani. Bwana Komba akamwonyesha kigoda. Akauliza, na moshi ulimpitia wapi? Bwana Komba, ambaye hakujua kusema uongo ila kwa kunong'ona, akasema usoni. Akaongeza haraka kwamba sasa wamejua, kwamba vikopo vitafunguliwa asubuhi tu, upepo ukishuka, na mchana watatazama vioo vilivyokwisha kupigwa moto na rangi, ambavyo vijidudu vyake vimekufa.

"Bwana daktari," Baba Mkubwa akasema, "upepo wa hapa hata kuku anaujua. Ulikosa kumwuliza kuku?"

Bwana Komba akasema kweli, alikosa. Hakusahihisha neno daktari.

Baba Mkubwa akavua kanzu yake, akaikung'uta mara nyingi, akaitundika kwenye mti, akabaki na shuka na fulana. Akashika ncha moja ya benchi na kumwamuru Bwana Komba ashike nyingine. Walilibeba kuvuka uani hadi ng'ambo ya uzio, kwenye mikaratusi. Kisha akarudi akaamuru chetezo kiwashwe tena, na safari hii akakaa yeye kwenye kigoda changu. Tulipima mlango ukiwa wazi, tukapima ukiwa umefungwa, tukapima kigoda kikiwa huku na kikiwa kule, yeye akiufuata moshi kwa kidole na kukemea kila ulipomkaribia. Alikuwa na ari kuliko mkaguzi wa wilaya. Ubani wetu wote uliisha siku ile, na vikopo vya mchana vikarudi kabatini kungoja asubuhi.

Tulitembea pamoja hadi nyumbani, kanzu yake mkononi. Njia nzima hakuzungumzia watoto, alizungumzia kabichi, nami nilikuwa najibu bila kusikia. Saumu tulimkuta amekaa kizingitini amevaa magauni yake mawili, moja juu ya jingine, tayari kwa Mazinde, uso umevimba kwa kilio. Hemedi alikuwa amesimama nyuma yake na kifurushi, amejipaka mafuta hadi magotini. Waliamkia vizuri sana. Baba Mkubwa akaitikia, akaketi, akaomba maji, akanywa kwenye kikombe cha mgeni ambacho Saumu alikuwa amekitenga peke yake kwenye rafu, akakitazama kile kikombe, akasema, "Nilikuja kuwachukua nyinyi. Lakini huyu dada yenu leo amenifukuza mimi kwenye benchi, mimi mkubwa wake, mbele za watu, nikiwa nimestarehe. Sasa nyinyi atawaacha mkae wapi pabaya? Bakini."

Saumu akamrukia. Mimi nikageukia ukuta, nikajifanya natafuta kibiriti. Nilipogeuka nikamwona Hemedi amekiangusha kifurushi, midomo inatetemeka, machozi yanashuka, nikamfungulia mikono nikimwambia yamekwisha mdogo wangu, hakuna anayekwenda kokote. Ndipo akalia kwa sauti, kilio cha kuumia kweli. Nikamwuliza nini tena. Akasema, kwa kwikwi, kwamba alikuwa amewaaga wenzake wote shuleni, kwamba stesheni ya Mombo ina treni, na shangazi alimwahidi chapati kila siku, na sasa mimi nimekwenda kumwambia Baba Mkubwa habari za moshi. Hakunisemesha hadi Ijumaa.